Walidhani Yumo Msafarani: Somo la Familia Msimu wa Sikukuu

Andiko la msingi: Luka 2:41-52
Ya kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 6:6-7; Ayubu 1:4-5; Mathayo 5:23-24; Luka 14:12-14

Tumeingia Desemba. Ukipita stendi ya Migori wakati huu utaona mwenyewe: mizigo juu ya matatu, jogoo amefungwa miguu chini ya kiti, watoto wamevaa viatu vipya vinavyowauma lakini hawasemi. Nauli imepanda. Huyu anaenda Ndhiwa, yule Mbita, wengine Oyugis na Kendu Bay. Wale wa kutoka Nairobi wanashuka asubuhi na macho mekundu, wanauliza kama barabara ya kwao inapitika baada ya mvua. Kila mtu anaenda nyumbani. Hilo si kosa. Hata Yesu alipokuwa mtoto alienda sikukuu pamoja na wazazi wake.

Pasta aliniomba niandike somo hili baada ya kusikia ushuhuda wangu katika kikundi cha nyumbani. Nilimwambia mimi ni mtu wa kisiagi, nasagia watu mahindi, sijasomea Biblia. Akasema, "Mzee, andika kile Mungu alikufundisha." Basi naandika. Sehemu nyingine si za kujivunia.

SIKUKUU YA FAMILIA YA NAZARETI

Luka anatuambia kwamba Yusufu na Mariamu walikuwa na desturi ya kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Kutoka Nazareti hadi Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 100, na watu walienda kwa miguu, siku kadhaa, kwa makundi ya jamaa na majirani. Yesu alipofika miaka 12 walienda naye. Sikukuu ilipoisha wakaanza safari ya kurudi, lakini kijana akabaki Yerusalemu. Wazazi hawakujua. Walitembea mwendo wa siku nzima, wakidhani yuko na wenzake kwenye msafara.

Nataka tusimame hapo kwenye neno kudhani. Yusufu na Mariamu hawakuwa watu wabaya. Hawakumwacha Yesu wakiwa kwenye ulevi au kwenye dhambi fulani ya aibu. Walikuwa wametoka hekaluni! Walikuwa wametimiza sheria, wamekula Pasaka, wameimba na watu wa Mungu. Walimpoteza Yesu wakiwa kwenye safari ya sikukuu ya dini, katikati ya jamaa zao, kila mtu akidhani yuko na mwingine. Baba akidhani yuko na mama. Mama akidhani yuko na wajomba. Wajomba nao, si wanajua ni mtoto wa Mariamu? Huyo ni wa mama yake.

Mpendwa, hivyo ndivyo nyumba nyingi za watu waliookoka zinavyompoteza Yesu. Hakuna aliyemfukuza. Kila mtu alidhani yuko na mwingine.

OMBI LA NASARI

Miaka michache iliyopita nilisafiri na familia yangu kutoka Migori mjini kwenda kwa mama, upande wa Mbita. Tulipita Awendo, Rongo, Rodi Kopany, tukabadilisha gari Homa Bay. Nilikuwa na mizigo ya kutosha. Sukari, unga wa ngano wa chapati, mafuta ya kupikia, mchele, soda kreti mbili, leso mpya ya mama. Wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa na bado ni mzee wa kanisa. Nilikuwa nafungua ibada kwa maombi, na watu walisema, "Huyu mzee akiomba, mbingu zinasikia."

Usiku wa kwanza mama alipakua ugali na ngege. Tukakaa. Nikajiandaa kuomba, lakini mama akanizuia kwa mkono. Akamwambia kijana wangu mkubwa, ambaye alikuwa na miaka 13, "Leo utuombee wewe, mjukuu wangu."

Kijana akanitazama. Akamtazama mama yake. Kisha akafumba macho, akaunganisha viganja, akaomba lile ombi la chakula ambalo watoto hufundishwa nasari, lenye maneno ya kukariri, kwa sauti ileile ya kuimba. Miaka 13! Wadogo zake wakaanza kucheka. Alipomaliza akainamisha kichwa, akanyamaza kwa aibu.

Mama hakucheka. Alinipa maji ya kunawa, akasema polepole, "Mtoto wako anaomba kama alivyokuwa akiomba alipokuwa na miaka minne."

Hakusema kitu kingine. Wapendwa, chakula hicho kilikuwa kigumu kumeza. Nilifanya hesabu kichwani. Miaka tisa mtoto amelala nyumba moja na mzee wa kanisa. Amenisikia nikiomba kwa kipaza sauti mbele ya watu mia. Nyumbani hajawahi kunisikia nikiomba zaidi ya dakika moja juu ya chakula, na hakuna siku hata moja niliyomwambia, "Njoo tuombe na wewe." Nilidhani anafundishwa Sunday School. Walimu wa Sunday School walidhani anafundishwa nyumbani, si ni mtoto wa mzee? Mke wangu alidhani nitaanza mimi. Mimi nilidhani ameshaanza yeye.

Mwendo wa siku nzima. Kwangu ilikuwa mwendo wa miaka tisa.

WALIMTAFUTA KWA JAMAA, HAWAKUMPATA

Jambo la pili. Walipogundua, Yusufu na Mariamu walianza kumtafuta Yesu kati ya jamaa na watu wanaofahamiana nao. Hawakumpata. Ilibidi wageuke warudi Yerusalemu, mahali pale walipomwacha.

Sisi pia tukishtuka, tunakimbilia kwa jamaa. Tunamtafuta Yesu kwenye imani ya mama. "Mama yangu ni mwombaji, hawezi kuacha boma letu liharibike." Ndiyo, mama anaomba, lakini imani yake haiwezi kukuingiza mbinguni. Wengine wanamtafuta kwenye kesha la tarehe 31. Wanakuja kuvuka mwaka, wanalia, wanapiga magoti, saa saba usiku wanatoka nje wakiwa na nguvu. Kesha ni zuri, nami nitakuwepo. Lakini ukimwacha Yesu sebuleni kwako mwezi wa pili, humpati kwenye kesha la mwezi wa kumi na mbili mpaka urudi ulipomwacha.

Wewe ulimwacha wapi? Swali hilo Roho Mtakatifu aliniuliza usiku ule, nikiwa nimelala lakini sina usingizi. Mahali pa kwanza nilipajua tayari: kwa mtoto wangu. Mahali pa pili sikutaka kupataja.

SAHANI YA MAMA

Wakati baba yetu alipofariki, mdogo wangu ndiye aliyeshika pesa za matanga. Ninyi mnajua matanga ya kwetu. Kuna mochari, jeneza, gari la kuleta mwili, hema, viti, kulisha watu siku nyingi. Pesa zinaingia kutoka kila upande na zinatoka kila upande. Baada ya mazishi nilidai hesabu. Hesabu hazikulingana. Sikumwita kando. Nilisimama chini ya mwembe, mbele ya wajomba na mashemeji, nikamwita mwizi.

Kwa miaka mitatu hatukuongea. Nyumba yangu na nyumba yake kwenye boma la baba zinatazamana, karibu na lango. Kila Krismasi jiko langu linawaka huku na lake linawaka kule. Watoto wetu wanacheza pamoja mchana, giza likiingia kila mmoja anaitwa kwao.

Krismasi hiyo niliona kitu ambacho labda kilikuwepo miaka yote. Mama alichukua sahani kwangu, akaweka chapati na nyama, akaifunika kwa sahani nyingine. Akavuka uwanja, taratibu kwa sababu goti linamsumbua, akaenda kwa mdogo wangu. Baadaye akarudi na sahani ileile ikiwa na kuku kutoka kule. Alikuwa anatufanya tule pamoja kwa nguvu. Mwanamke mzee, siku ya kuzaliwa kwa Mwokozi, amegeuka kuwa daraja kati ya vijana wake wawili waliookoka, kwa sababu wao hawawezi kuvuka hatua thelathini.

Yesu alisema katika Mathayo 5 kwamba ukiwa unatoa sadaka yako madhabahuni, na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, nenda upatane naye kwanza, halafu ndipo urudi uitoe. Angalia vizuri: anazungumza juu ya ndugu aliye na neno juu yako. Hakuuliza nani alianza. Mimi nilikuwa nimetoa sadaka nyingi miaka hiyo mitatu. Nilitoa hata ya mabati ya kanisa.

Tarehe 26 asubuhi, kabla watu hawajaamka, nilivuka uwanja. Nilimkuta anafunga ng'ombe. Nilimwambia, "Ndugu yangu, nilikuita mwizi mbele ya watu. Nimekuja kuomba msamaha." Nilikuwa nimepanga kusema na mengine kuhusu zile hesabu. Mungu alinifunga mdomo.

Aliendelea kufunga kamba. Kisha akasema, "Nimesikia." Basi. Hakunikumbatia, hakulia. Nilirudi kwangu nikiwa nimevunjika moyo kidogo, maana nilitegemea iwe kama ushuhuda wa kwenye redio.

Yusufu na Mariamu pia hawakumpata Yesu mara moja. Ilikuwa baada ya siku tatu. Pasaka iliyofuata mdogo wangu alikuja Migori bila kupiga simu, akiwa na mbuta amemfunga kwenye gunia. Akakaa, akala, akalala kwangu. Hesabu zile za matanga hazijalingana mpaka leo. Nimeziacha.

AKASHUKA NAO MPAKA NAZARETI

Jambo la tatu ndilo watu wengi wanaliruka. Baada ya kupatikana hekaluni, akiwa amekaa na walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali, Yesu alifanya nini? Luka 2:51 inasema alishuka na wazazi wake mpaka Nazareti, akawa anawatii. Mwana wa Mungu alirudi kwenye kijiji, kwenye nyumba ya fundi, kuchota maji na kusalimia wazee. Miaka mingi inayofuata Biblia haituambii muujiza hata mmoja. Inatuambia alikuwa akiongezeka katika hekima na kimo, akipendwa na Mungu na wanadamu. Alikulia nyumbani.

Kwa hiyo imani ya sikukuu inapimwa Januari, siku ile umerudi Nazareti yako. Hapo ndipo karo inadaiwa, unga umepungua, na mume na mke wanatazamana bila wageni wa kuwafanya watabasamu. Kumbukumbu la Torati 6 inawaagiza wazazi wawafundishe watoto maneno ya Mungu wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hizo ni nyakati nne, na zote ni za kila siku.

Tuliporudi Migori tulianza ibada ya nyumbani, saa mbili usiku, kabla ya chakula. Sitawadanganya, wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Mdogo analala. Wa pili anacheka. Stima inapotea. Mimi nilitaka kuhubiri dakika arobaini, mpaka mke wangu akaniambia kwa upole, "Baba, hapa si kanisani." Tukapunguza. Dakika 15: kusoma mistari michache, kila mtoto anasema neno moja, mmoja anaomba.

Karibu mwezi wa tatu, kijana yule akiwa amefunga shule, zamu yake ilifika. Aliomba kwa maneno yake mwenyewe. Aliomba Mungu awaguse wavulana wa bweni lao wanaomnyang'anya chakula na kumpiga usiku. Mimi nilifungua macho. Mtoto alikuwa amebeba jambo hilo muhula mzima na hakuniambia. Alimwambia Mungu, nami nikasikia kwa sababu nilikuwepo. Kesho yake nilienda shuleni kuongea na mwalimu, na jambo hilo likashughulikiwa. Huwa najiuliza, kama tungeendelea na lile ombi la nasari, ningelijua lini?

TUFANYE NINI MSIMU HUU?

1. Kaa na mwenzako kabla ya kufunga mizigo. Andikeni pesa mlizo nazo. Anzeni na sehemu ya Bwana na karo ya Januari, halafu nauli, halafu ndipo mfike kwa nyama na nguo. Watu wa nyumbani wanakutazama kama tajiri kwa sababu umetoka mjini. Usikope ili uwaonyeshe hivyo. Ukimwambia mama, "Mwaka huu nina kidogo," hatakufukuza.

2. Ongoza ibada fupi nyumbani siku ya Krismasi. Usingoje pasta. Wewe ni mvuvi wa Muhuru Bay, mchimbaji wa dhahabu Nyatike, mkulima wa miwa Awendo, mama wa duka Oyugis. Unajua kusoma Luka 2. Kama hujui, mpe mtoto asome. Kama ni mama peke yako nyumbani, mamlaka hayo unayo.

3. Wapende jamaa ambao hawajaokoka. Kutakuwa na mjomba amekunywa chang'aa. Kutakuwa na ubishi wa mila. Shikilia imani yako bila kutukana mzee wa mtu. Msalimie kwa mikono miwili, mpe chai, kataa kile cha kukataa kwa heshima. Akikumbuka Krismasi hii, akumbuke kwamba aliyeokoka ndiye aliyemsindikiza mpaka kwake.

4. Mwite asiyeweza kukulipa. Soma Luka 14:12-14. Kila kijiji kina mjane ambaye moshi hautoki kwake siku hiyo. Mtume mtoto na sahani, au afadhali zaidi, mwite aje akae mezani.

5. Fanya kama Ayubu. Watoto wake walikuwa wakifanya karamu kwa zamu, na kila zamu ilipoisha, Ayubu aliamka asubuhi na mapema akatoa sadaka kwa ajili ya kila mmoja, akihofia labda wametenda dhambi moyoni. Hakuwakataza kula karamu. Aliwaombea. Tarehe 26 asubuhi, kabla ya kuosha masufuria, taja kila mtoto kwa jina mbele za Mungu.

6. Rudi ulipomwacha. Kama kuna nyumba kwenye boma lenu usiyoingia, hiyo ndiyo safari ya kwanza. Inaweza kuwa hatua thelathini.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Yusufu na Mariamu walimkosa Yesu kwa kudhani. Katika nyumba yako, ni nani anayedhaniwa kwamba ndiye anaomba?
2. Mtoto wako akiombwa kuomba leo usiku, ataomba nini?
3. Ni neno gani ambalo ndugu yako analo juu yako? Usianze na lile ulilonalo wewe juu yake.
4. Ni jambo gani moja la imani ambalo familia yako itaendelea nalo Januari shule zikifunguliwa?

TUOMBE

Baba wa mbinguni, asante kwa Mwanao aliyezaliwa katika familia, akakua katika familia. Utusamehe pale tulipotembea mwendo mrefu tukidhani tuko naye. Walinde wote walio barabarani wiki hizi, na wale wa ziwani, na wale wanaokesha kazini. Waponye mama wanaobeba sahani kati ya watoto wao. Tupe nguvu ya kugeuka na kurudi tulipokuacha, na tukikupata, shuka nasi mpaka nyumbani kwetu, ukae. Katika jina la Yesu. Amina.

Safari njema, wapendwa. Mnisalimie wa nyumbani. Tukutane kwenye kesha, na tukitoka pale, turudi kila mtu kwake tukaendelee.